Jiwe Lililosahaulika Barabarani: Vifaa vya Dharura Ambavyo Kila Chombo cha Moto Kinapaswa Kubeba

Mkazi yeyote wa wilaya yetu aliyewahi kupita Mlima Kitonga alfajiri anayafahamu mawe yale. Si mawe yaliyoporomoka kutoka gengeni. Ni mawe mawili au matatu yaliyopangwa kwa vipimo vya magurudumu ya lori, juu ya lami, katika njia ya magari yanayopita. Yaliwekwa hapo usiku na utingo mwenye nia njema kabisa. Lori lilikuwa limeharibika kwenye mteremko, naye akatafuta kitu cha kulizuia lisiserereke. Fundi alifika, kipuri kilichokatika kikabadilishwa, injini ikawaka, watu wakapanda kwa furaha ya kuondoka. Mawe yakabaki. Mwenye pikipiki anayetelemka kuelekea Mahenge saa kumi na moja alfajiri, akiwa na matenga ya nyanya nyuma yake, hana habari kuwa yapo.

Makala haya yanaeleza vifaa vya dharura ambavyo kila chombo cha moto kinapaswa kubeba, namna ya kuvitumia na namna ya kuvitunza. Yameanza na jiwe kwa makusudi. Watu wengi huvihesabu vifaa hivi kuwa ni vitu vya kumwonyesha askari wa usalama barabarani anapovitaka. Kwa hakika vina kazi mbili: kumtoa mwenye chombo katika shida, na kuizuia shida yake isigeuke kuwa msiba wa mtu mwingine. Asiye na vifaa huokota jiwe, na jiwe lake huwa mtego kwa jirani yake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inaingia katika wilaya yetu Ruaha Mbuyuni, inapita Mahenge, inapanda Kitonga na kuendelea hadi Ilula kabla ya kufika Iringa mjini. Katika barabara hiyo hupita mabasi ya abiria, malori ya mafuta na ya mizigo yaendayo Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na magari yetu sisi wenyewe yanayobeba vitunguu, nyanya, viazi na mbao. Lori lenye tela linaruhusiwa kisheria kufikia uzito wa tani 56 pamoja na mzigo wake. Gari la namna hiyo likikwama kwenye kona ya Kitonga, halisogezwi kando kwa mikono ya watu.

Upande wa pili ziko barabara za kata za milimani, kama vile Dabaga, Idete na Boma la Ng'ombe. Huko magari ni machache, lakini udongo mwekundu huteleza wakati wa mvua, ukungu hutanda asubuhi katika miezi ya baridi, na mtandao wa simu hupotea bondeni. Aliyekwama huko huenda akasubiri saa nyingi kabla ya gari jingine kupita. Mmoja anahitaji kuonekana upesi asigongwe, mwingine anahitaji kujitegemea mpaka msaada ufike. Vifaa vya dharura vinamhudumia kila mmoja wao.

Jambo la kwanza ni kuonekana

Gari linaloharibika barabarani huwa hatari tangu dakika ya kwanza, kabla hata dereva hajajua ubovu uko wapi. Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde moja. Taa zilizoinamishwa humulika umbali wa kiasi cha mita 50 mbele. Kwa hiyo dereva anayekuja usiku huliona gari lisilo na taa wala alama zikiwa zimesalia sekunde mbili na kitu tu kabla ya kulifikia. Katika muda huo binadamu hutumia sekunde moja au zaidi kutambua anachokiona na kuupeleka mguu kwenye breki. Muda unaobaki hautoshi kulisimamisha gari dogo, seuze lori lililojaa mzigo.

Pembetatu ya tahadhari inamwongezea dereva huyo muda. Ikiwekwa mita 100 nyuma ya gari lililoharibika, anayekuja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupata nyongeza ya sekunde nne na nusu hivi. Sekunde hizo ndizo zinazotenganisha kupunguza mwendo na kugonga. Katika barabara za mwendo mdogo umbali wa mita 50 waweza kutosha, lakini katika barabara kuu mita 100, yaani hatua ndefu mia moja za mtu mzima, ndicho kipimo cha kushika.

Kila gari libebe pembetatu mbili, kwa kuwa barabara zetu ni za njia mbili na magari hutoka pande zote. Moja huwekwa nyuma na nyingine mbele. Gari likiwa limekwama kwenye kona au karibu na kilele cha mwinuko, pembetatu iwekwe kabla ya kona au kabla ya kilele, mahali ambapo dereva ataiona angali na nafasi ya kupunguza mwendo. Pembetatu iliyowekwa nyuma ya kona, hatua kumi kutoka kwenye lori, haimsaidii mtu. Anayekwenda kuiweka aishike mbele ya kifua chake, uso wenye kung'aa ukiwaelekea wanaokuja, na atembee pembezoni kabisa mwa barabara.

Matawi ya miti ni desturi ya zamani, na mchana humwambia dereva kuwa mbele kuna jambo. Usiku, hata hivyo, jani halirudishi mwanga wa taa. Zaidi ya hayo, tawi likisukumwa na upepo au kuburutwa na gari jingine, huwa kikwazo jipya. Aliyelazimika kutumia matawi kwa kukosa pembetatu ajue kuwa kuyaondoa ni sehemu ya kazi yake.

Pamoja na pembetatu, ndani ya gari kuwe na kizibao cha kuakisi mwanga, kile ambacho wengi hukiita reflekta. Kikae karibu na kiti cha dereva, si kwenye buti, ili akivae kabla hajashuka. Kuwe pia na tochi yenye betri nzima. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora zaidi, kwa sababu humwachia fundi mikono yote miwili. Taa ya simu hufaa kwa dakika chache, lakini huumaliza umeme wa simu ambayo ndiyo tegemeo la kuita msaada.

Abiria nao wana wajibu wao. Gari likisimama kwa ubovu, washuke upande ulio mbali na magari yanayopita, wasogee nje ya barabara, na wasikae mbele wala nyuma ya gari lililokwama. Aliyesimama hapo ndiye wa kwanza kuumia gari hilo likigongwa.

Vigingi vya mbao badala ya mawe

Dereva huamini kuwa breki ya mkono imemaliza kazi. Kwenye mteremko imani hiyo ni ya hatari. Katika magari mengi madogo breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake, na gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, nguvu ya kulizuia gari hupungua sana. Ndipo gari huanguka kutoka kwenye jeki au kuserereka juu ya aliyelala chini yake.

Dawa yake ni vigingi, yaani vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa kwa umbo la kabari, ambavyo huingizwa chini ya gurudumu lisiloinuliwa. Wilaya yetu ni ya misitu ya kupandwa na mafundi seremala. Vipande vinavyobaki baada ya kupasua mbao vinatosha kwa kazi hii, na fundi huvichonga kwa muda mfupi. Kwa gari dogo, kigingi cha urefu wa kiganja kimoja na nusu na kimo cha nusu ya urefu huo kinafaa. Kwa Fuso au lori, kiwe kikubwa zaidi, na mbao iwe ngumu isiyopasuka.

Vigingi hivyo vitobolewe tundu na kuunganishwa kwa kamba, na ncha ya kamba ifungwe kwenye gari, kwa mfano kwenye ndoano ya kufungia turubai, huku sehemu yake ikining'inia mahali panapoonekana na dereva au utingo. Fundi amalizapo, kamba humkumbusha mwenye gari kuwa chini ya gurudumu kuna mali yake. Mtu hasahau kirahisi kitu alichokichongesha na kukilipia, hasa kikiwa kimefungwa kwenye gari lake. Jiwe halina mwenyewe, ndiyo maana huachwa.

Tairi la akiba na mambo yanayosahaulika

Karibu kila gari lina tairi la akiba, lakini si kila tairi la akiba lina upepo. Tairi linalokaa mwaka mzima chini ya gari bila kupimwa hupoteza upepo taratibu, na mwenye gari hugundua hilo siku ya shida. Lipimwe kila mwezi pamoja na mengine.

Umri wa tairi nao utazamwe, hasa kwa wanaonunua matairi yaliyokwisha kutumika. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika: hukauka na kuanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama kashata zake zinaonekana nzima.

Jeki ikaguliwe kama bado inainua na kushikilia uzito. Chini yake kiwekwe kipande cha ubao mpana, kwa sababu jeki hudidimia kwenye udongo laini. Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini, kisha gari liinuliwe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Wakati wa kubadilisha gurudumu, tairi lililotolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza, gari lisishuke lote hadi chini. Nati hukazwa kwa kupishana, si kwa kuzunguka moja baada ya nyingine, na hukaguliwa tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi.

Injini inapochemka na betri inapokufa

Kupanda Kitonga na mzigo siku ya jua kali huipa injini kazi kubwa. Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame mahali salama, azime injini na asubiri. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe wakati injini ingali ya moto, kwa kuwa maji yaliyomo yamebanwa kwa mgandamizo na yatamrukia usoni. Kusubiri nusu saa au zaidi si kupoteza muda. Lita tano za maji safi ndani ya gari hufaa kwa rejeta, kwa kuoshea jeraha na kwa kunywa, ikiwa chombo chake ni safi na hakijawahi kubeba mafuta.

Nyaya za kuamshia betri zina utaratibu wake. Waya mwekundu huanza kwenye ncha chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye ncha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanza kwenye ncha hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hushikizwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yenyewe. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche hutokea pale waya wa mwisho unapogusa. Betri zote mbili ziwe za volti sawa: betri ya volti 24 ya lori isiunganishwe na ya volti 12 ya gari dogo.

Vitu vingine ni vidogo, lakini siku ya kuvihitaji thamani yake huonekana: fyuzi za akiba, mkanda wa feni, lita moja ya oili ya injini, waya laini wa kufungia, tepu ya umeme, koleo, bisibisi na seti ya spana. Kamba au mnyororo wa kuvutia gari uwe mzima na wa uzito unaolingana na gari. Wakati wa kuvuta, watu wasimame mbali, kwa kuwa kamba ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuweza kuua.

Moto

Mtungi wa kuzimia moto wa kilo moja, ambao ndio wa kawaida katika magari madogo, humaliza unga wake kwa takribani sekunde kumi tu. Hautoshi kuuzima moto ulioenea. Kazi yake ni kuukamata moto ungali mchanga, na kuwapa watu nafasi ya kutoka. Kwa hiyo mahali pake ni karibu na dereva, umefungwa imara, si chini ya magunia ya vitunguu.

Matumizi yake ni hatua nne: vuta pini, elekeza mdomo wa mtungi kwenye shina la moto badala ya ndimi zake, bana mkono wa mtungi, kisha fagia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Moto ukiwa ndani ya boneti, boneti isifunguliwe wazi, maana hewa itakayoingia itauchochea. Ifunguliwe upenyo mdogo tu na unga upulizwe kupitia hapo. Moto usipozimika kwa mtungi huo, watu waondoke na waliache gari. Mali hutafutwa tena.

Kila mwezi mshale wa kipimo cha mtungi utazamwe kama uko kwenye rangi ya kijani, na mtungi ugeuzwe juu chini ili unga usigande. Kibandiko cha ukaguzi ni ushahidi wa siku ile ulipokaguliwa. Hakiwezi kusema lolote kuhusu hali yake leo.

Sanduku la huduma ya kwanza

Masanduku mengi ya huduma ya kwanza ndani ya magari yetu yana pamba iliyofifia, chupa kavu ya dawa na mkasi wenye kutu. Sanduku linalofaa halihitaji kuwa na vitu vingi. Liwe na glavu jozi kadhaa, shashi safi za kutosha, bendeji za kuzungusha, kitambaa cha pembetatu cha kuning'inizia mkono, plasta, mkasi unaokata nguo, sabuni na kitenge au blanketi jepesi la kumfunika majeruhi. Vidonge visiwekwe kwa wingi humo, kwa kuwa joto la ndani ya gari huharibu dawa.

Katika ajali, damu inayotoka kwa wingi huua kwa dakika chache, na msaidizi yeyote mwenye glavu na shashi anaweza kuizuia: aweke shashi juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu bila kuachia, na shashi ikilowa aongeze nyingine juu yake. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai, mafuta na asali visipakwe. Majeruhi asivutwe ovyo kutoka garini isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya karibu, kwani uti wa mgongo ulioumia huweza kuharibika zaidi kwa kuvutwa. Asipewe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga ataje kwanza mahali: jina la kijiji, alama ya kilomita iliyo karibu na upande gari linakoelekea. Kisha aseme idadi ya majeruhi na kama kuna moto au mafuta yanayovuja. Kwa sababu hiyo, chaja ya simu inayofanya kazi, au pawabenki iliyojaa, ni miongoni mwa vifaa vya dharura. Namba hizo, pamoja na namba ya fundi unayemwamini, ziandikwe kwenye karatasi ndani ya gari, kwa kuwa simu iliyozimika haisomeki.

Kwa barabara za milimani wakati wa mvua

Kati ya Desemba na Aprili, gari linalokwenda kata za milimani liongeze sepetu, panga, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, mablanketi, maji ya kunywa na chakula kikavu. Gurudumu linalozunguka bila kusogea lisiendelee kuchochewa, kwa sababu huchimba shimo lake lenyewe. Chimba matope mbele ya gurudumu, weka mbao au matawi, kisha ondoka taratibu kwa gia ndogo. Ukitoka, rudi uyaondoe matawi na ufukie shimo. Gari litakalofuata huenda limebeba mama mjamzito anayepelekwa hospitali.

Mto ukiwa umefurika juu ya daraja au kivuko, hakuna kifaa cha kuusaidia ujasiri. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 60 huyasomba magari mengi, na hata sentimeta 30 huweza kuliinua gari dogo. Kifaa kinachofaa hapo ni subira.

Bodaboda, bajaji na matrekta

Mwendesha pikipiki hawezi kubeba sanduku kubwa, lakini mfuko mdogo chini ya kiti au ubavuni unatosha kwa plagi ya akiba na spana yake, viraka na gundi, pampu ndogo, tochi, glavu na shashi. Reflekta na kofia ngumu kwake ni vifaa vya kila safari. Pikipiki ikiharibika, isogezwe nje kabisa ya barabara kabla ya kutengenezwa. Ni chombo pekee ambacho mtu mmoja anaweza kukiondoa hatarini peke yake, hivyo hakuna udhuru wa kukitengenezea juu ya lami.

Matrekta na mikokoteni itokayo mashambani jioni ni hatari kwa namna yake, kwa kuwa mengi hayana taa za nyuma. Vipande vya kuakisi mwanga vibandikwe kwenye pembe zote mbili za nyuma, ili anayekuja atambue upana wa chombo.

Sisi tunaoishi kando ya barabara

Wengi wetu hatuna magari, lakini ndio tunaofika kwanza gari linapoanguka. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Barabara ile ile na malori ya namna ile ile yanapita mbele ya nyumba zetu. Gari la mafuta likianguka, wajibu wetu ni kukaa mbali, kuwazuia watoto, kutowasha moto wala sigara, na kupiga simu. Mvuke wa petroli hauonekani na husafiri mbali na dimbwi lake.

Tunaweza pia kufanya jambo jingine dogo. Tukikuta mawe au matawi yaliyoachwa barabarani, na ikiwa ni salama kufanya hivyo, tuyaondoe. Kamati za vijiji na mitaa zilizo kando ya barabara kuu zinaweza kulizungumza hili katika mikutano yao, na wazazi wawaeleze watoto wasiingie barabarani wenyewe kuyatoa, bali wamwite mtu mzima.

Orodha ya kukata na kuweka ndani ya gari

1. Pembetatu mbili za tahadhari, reflekta na tochi.
2. Vigingi viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa kamba.
3. Tairi la akiba lenye upepo, jeki, ubao wa kuwekea jeki na spana ya magurudumu.
4. Mtungi wa kuzimia moto, karibu na dereva.
5. Sanduku la huduma ya kwanza.
6. Lita tano za maji safi.
7. Nyaya za betri, kamba ya kuvutia, fyuzi, mkanda wa feni, oili na zana ndogo.
8. Chaja au pawabenki, na karatasi yenye namba za dharura.
9. Wakati wa mvua: sepetu, panga, mbao mbili, mablanketi na chakula kikavu.

Chagua siku moja ya mwezi, kwa mfano Jumamosi ya kwanza, uvitoe vifaa hivi vyote nje ya gari, uvikague kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake. Kazi hiyo haizidi robo saa. Na siku utakapovitumia, usiwashe gari kabla hujalizunguka mara moja kwa miguu. Hesabu pembetatu zako, vuta kamba ya vigingi vyako, tazama nyuma yako juu ya lami. Kama uliazima jiwe la barabarani, lirudishe ulikolitoa.